Siku GPS Yangu Ilipompeleka Mwenyekiti kwa Mkwewe

Usiku wa kuamkia siku ile sikulala, na kilichoninyima usingizi si mapenzi wala ugonjwa, ni kifaa cha GPS kidogo kama simu ya zamani ya vitufe, ambacho nilikilaza pembeni ya mto nikawa nakiwasha na kukizima, nikijiuliza kama nikiache kilivyotoka dukani au nikibadilishe kitu kimoja tu kwenye mipangilio yake. Kitu kimoja! Nikawa naona nikikiacha nitakosea na nikikibadilisha nitakosea, halafu nikawaza kwamba mtu anayewaza hivi hafai kupewa kazi, halafu nikawaza kwamba asiyewaza hivi ndiye hafai, hadi jogoo wakawika nikiwa bado nakodolea kioo chake.

Najua habari yenyewe imeshafika Mlowo, imefika Ruanda (ya kwetu, si ile nchi) kwa shangazi zangu, na kila aliyeisimulia ameitia chumvi. Wengine wanasema nilikamatwa na polisi wa Zambia, uongo, wengine wanasema mwenyekiti wa kijiji alizirai, uongo pia, alilala mwenyewe kwa hiari yake. Kule kijijini mpaka leo wananiita Dada Satelaiti, na wengi wanaoniita hivyo wanakuwa wamejitwika ndoo zilizojaa, kwa hiyo naitika. Aibu naiona, sikatai, nikikumbuka yale mahindi masikio yanawaka. Lakini msitegemee niombe radhi kwa kila kitu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, jiografia na mazingira, nikakaa nyumbani Mlowo mwaka mzima na zaidi nikimsaidia mama kununua mahindi ya wakulima na kujibu swali la kila mteja, "Binti wa chuo, kazi bado?" Ndipo mradi mmoja mdogo wa maji ukanichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Wakati huo Wilaya ya Momba ilikuwa bado changa na sisi sote tulikuwa tungali Mkoa wa Mbeya, na simu zenye ramani walikuwa nazo wakubwa tu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kijiji kimoja kilicholala mpakani kabisa, ukitoka Tunduma kama unakwenda Chitete. Mtaalamu wa maji alishapita pale na vyombo vyake, akapima chini ya ardhi, akapata sehemu moja tu yenye maji ya uhakika, akapiga kigingi chenye rangi nyekundu, akaandika namba za mahali pale, akaondoka. Kigingi kikapotea. (Kilikuwa mti mkavu mzuri. Nani anaacha kuni nzuri porini?) Na mtambo wa kuchimba ulikuwa unakuja kuchimba shimo moja, moja tu, kisha unaendelea na safari yake, ukikuta maji au usikute. Watu wa pale walikuwa wanachota kwenye kijito kimoja na ng'ombe. Mimi nilitakiwa nitumie zile namba nipatafute mahali pale na kupiga kigingi kipya. Nikikosea, wanabaki na ng'ombe wao kijitoni, na mimi narudi kununua mahindi.

Kifaa nilikinunua Tunduma, kwenye duka la Mzee Hamadi, mtu wa Ujiji, muuza redio na sola ambaye wanunuzi wake nusu ni Wazambia. Alikuwa na GPS za aina mbili: moja kubwa, ya rangi, yenye ramani ndani, na nyingine ya kijivu, vitufe vitano, kioo kama cha saa ya mkononi. Nikasimama pale kaunta nikiishika hii, naiweka, naishika ile, naiweka.

"Binti," akasema Mzee Hamadi, "unachagua kifaa au unachagua mume?"

"Mzee wangu, naogopa kukosea."

"Hii ya rangi ina chaji yake. Huko porini utaichajia wapi, kwenye jiko? Hii ya kijivu inakula betri mbili za tochi, kila genge lina betri za tochi. Inaingia maji, inaanguka, inaamka. Lakini sikiliza: haina dira ndani. Mshale wake unajua upande pale unapotembea tu. Ukisimama unazubaa."

Nikachukua ya kijivu, na hapo nasema wazi kwamba sikukosea, mpaka leo nikiulizwa nashauri hiyohiyo. Kilichoharibu mambo kilikuja baadaye, na nitawaeleza kwa ufupi maana ndicho kiini cha mkasa. Kila ramani imepimwa kuanzia msingi fulani. Ramani zetu za zamani zina msingi wao wa zamani, na GPS inatoka dukani ikiwa na msingi mpya unaotumika dunia nzima. Namba zilezile ukizisoma kwa msingi mwingine zinakupeleka mahali pengine, si mbali, kama urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Sasa mimi pale halmashauri nilikuwa nimeazima ramani ya zamani ya eneo lile, nikaona pembeni jina la msingi wa zamani, nikakumbuka mwalimu wetu chuoni akisema kifaa na ramani lazima viongee lugha moja. Ni kweli. Ila zile namba hazikutoka kwenye ramani, zilitoka kwa mtaalamu, na sikujua yeye alitumia msingi upi. Ungesema mpigie basi umuulize. Niliandika ujumbe, nikaufuta. Nikaandika tena, kwa heshima zaidi, nikaufuta (atasema huyu wamemtoa wapi). Jogoo walipowika nikabadilisha, nikaweka msingi wa zamani, nikaingiza namba, nikajisikia msomi, nikaenda kunawa uso.

Nilitaka kwenda peke yangu kimyakimya. Lakini mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sichalwe, mwanaume mpana mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alikuwa ameshaamua jambo lile ni sherehe.

"Kigingi cha maji hakipigwi kama kigingi cha mbuzi," akasema. "Tunakwenda wote. Kwaya ipo."

Kwaya ilikuwepo kweli, na ngoma, na akina mama wenye ndoo tupu vichwani kana kwamba maji yangetoka palepale, na mbele yao Mama Eliza, mwimbishaji, ambaye mdomo wake hauna kituo. Nilitakiwa kusema hapana. Nikasema, "Sawa mwenyekiti, shikamoo."

Nikasimama uwanjani mwa shule, peupe, nikasubiri kifaa kikamate satelaiti, kikakamata, mshale ukatokea, nikaanza kutembea na kijiji kizima kikaanza kutembea nyuma yangu. Mwenyekiti alikuwa kando yangu amebeba kigingi begani kama bunduki. Tukashuka, tukaruka kijito, tukapanda upande wa pili tukapita kichuguu kikubwa, mita zinapungua, wimbo unapanda. Mpaka wa nchi pale hauna ukuta wala mlinzi, ni kijinjia cha ng'ombe na bikoni, nguzo fupi za saruji, zimekaa mbali mbali kwenye majani, na watu wana mashamba huku na kule, wana ndugu huku na kule, kuvuka ni kama kwenda chooni. Kwa hiyo tulipofika kwenye bikoni hakuna aliyeshtuka sana, ila Mama Eliza akakatisha wimbo.

"Dada, hapa si tunavuka?"

Mwenyekiti naye akapunguza mwendo. "Binti, hiyo mashine yako inajua nchi?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Lakini nikisimama mshale unazubaa, unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala, na mimi sikutaka kijiji kione mshale wangu unazubaa. Nikajibu huku nakwenda, bila hata kugeuka, "Mwenyekiti, inajua dunia nzima!"

Jibu hilo lilimridhisha kupita kiasi. Akalirudia kwa sauti kwa walio nyuma, walio nyuma wakapiga vigelegele, Mama Eliza akalitia kwenye wimbo palepale, tukaingia kwenye shamba la mahindi. Ilikuwa mwezi wa sita, mahindi yamekauka yamesimama, marefu kuliko mwenyekiti, huoni hatua mbili mbele. Mita zikaisha. Nikapiga kelele, "Hapa!"

Mzee Sichalwe akakishusha kigingi, akakigongelea kwa kisogo cha shoka mara tatu kikazama, akatupa shoka, akanyanyua mikono akaanza kucheza. Anacheza vizuri, nimpe haki yake. Alizunguka, akayumba, akarudi kinyumenyume akisukuma mahindi kwa mgongo, akageuka, na mbele yake, karibu kiasi cha kupeana mkono, akasimama bibi mmoja aliyekuwa anavuna, kikapu kiunoni.

Alikuwa mama mkwe wake.

Kwa wasiojua mila zetu Wanamwanga: mwanaume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Vijana wa mjini wamelegeza, wazee wa pale hawajalegeza. Mke wa mwenyekiti alitoka ng'ambo, kwenye mji wa kaya chache wenye shamba lile, na miaka yote ya ndoa yao mzee yule amekuwa akizunguka mbali, akisikia kikohozi cha mkwewe njiani anaingia porini mpaka apite. Sasa nimempeleka mimi, mikono juu, kiuno kinazunguka, na kwaya nyuma.

Mama yule akavuta kitenge akafunika uso akageuka. Mzee Sichalwe akaanguka chali, hapana, kifudifudi, akalala kati ya mashina ya mahindi kama mtu anayekwepa risasi. Wimbo ukakatika mbele, lakini wa nyuma hawakuona kitu, wakaendelea kuimba na kusukuma, tukabanana pale wote mimi nikiwa katikati, nimekishika kile kifaa juu kana kwamba kinanihusu kidogo tu.

Mama Eliza akawapungia wa nyuma wanyamaze. Halafu mama mkwe akasema, mgongo umetugeukia, kwa Kinamwanga safi ambacho pande zote mbili wanakisikia:

"Mwambieni huyo aliyelala kwenye mahindi yangu kwamba anayavunja."

Hawaruhusiwi kuongea moja kwa moja, kwa hiyo lazima mtu awe katikati, na aliyekuwa katikati ni mimi. Nikainama kwa mwenyekiti. "Mama anasema unavunja mahindi."

"Mwambie mama," ikajibu sauti kutoka ardhini, "naomba radhi sana. Ni satelaiti."

"Anasema ni satelaiti, mama."

"Satelaiti ni mtoto wa nani?"

Mama Eliza akajaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia, wenye ndoo wakaangusha ndoo. Vijana wa mji ule wakatokea mbio wakiuliza kuna nini, wakaona kigingi, wakaelezwa ni kisima, wakashangilia kuliko sisi. "Mwaiseni!" wakasema, karibuni, kwa Kibemba cha sokoni. "Asanteni Tanzania kwa kutuletea maji!" Na mama mkwe akasema waziwazi kigingi kisiguswe. Mwenyekiti akatoka shambani kwa kutambaa kinyumenyume hadi kwenye kijinjia, na hiyo ndiyo picha ninayoona nikifumba macho.

Kurudi nilitembea nyuma kabisa. Uwanjani mwa shule mwenyekiti alinisubiri, ana majani makavu kwenye nywele.

"Binti Nanyangwe," akasema, "mtambo unakuja kesho asubuhi. Utachimba hapo ofisini, karibu na mlingoti, mahali ambapo kila mtu anapajua bila betri. Wewe utapanda gari urudi kwenu. Lakini kwanza utanipelekea kuku kwa mama mkwe. Mimi siwezi kwenda na kijana wangu simtumi, wewe ndiye uliyenipeleka."

"Mwenyekiti, mtaalamu alipima, ofisini hakuna maji."

"Na kwa mkwe wangu yapo?"

Nikapewa kuku jike mweupe, nikamfunga miguu nikamweka kwapani, nikakaa nyuma ya darasa. Na pale ndipo nilipogundua jambo ambalo lingenisaidia tangu mwanzo: aibu yote niliyokuwa naiogopa ilikuwa imeshatumika. Nilikuwa naogopa mtaalamu mmoja anione mjinga, sasa nchi mbili zimeniona. Nikatoa simu, nikaandika ule ujumbe, bila heshima nyingi, nikautuma. Jibu likaja kabla kuku hajatulia: "Msingi wa dunia, uleule wa dukani. Kwani ulibadilisha?"

Nilibadilisha, ndiyo. Kifaa kilikuwa sahihi tangu kwenye kaunta ya Mzee Hamadi, niliyekiharibu ni mimi kwa kufikiri. Toka siku hiyo nimeapa mambo mawili, kwamba ujumbe nikishauandika nautuma, na kwamba kitu kilichokaa sawa sikigusi jogoo wakiwika. Lakini kukiacha kifaa, kwamba nitembee kwa kukisia eti kwa sababu watu walicheka? Hiyo hapana. Sikuapa hilo na sitaapa.

Nikarudisha msingi wa dunia, nikaingiza namba upya, nikasoma tarakimu moja moja kwa sauti, kuku shahidi. Mshale ukanipitisha njia ya asubuhi, kijito, mteremko, ukanisimamisha karibu na kile kichuguu kikubwa, upande wetu wa mpaka, mahali ambapo kwaya nzima ilipakanyaga ikipita. Nikapiga magoti nikapekua majani kwa mikono. Kipande cha kigingi kilikuwa kimebaki ardhini, kimevunjika usawa wa udongo, kina rangi nyekundu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikaanza kuwaza. Nikimwambia mwenyekiti hatanisikiliza, nikimleta hapa atasema nimechomeka mwenyewe, na kesho mtambo ukifika ofisini ukashusha miguu yake hakuna wa kuunyanyua. Nikawaza, nikawaza, na kwa mara ya kwanza maishani kuwaza kwangu kukafika mahali.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua. Nikapiga magoti, nikamkabidhi kuku, nikafikisha radhi za mkwewe neno kwa neno.

"Na hicho kidude chako," akauliza, "kimepona?"

"Hakikuumwa, mama. Nilikigusa vibaya mimi. Kosa ni langu."

"Vizuri. Maana huko wote mnasema satelaiti, na satelaiti haina wazazi wa kuleta kuku." Akachukua hindi jingine. "Kwa hiyo maji si kwangu."

"Yapo pale kwenye kichuguu, mama, ng'ambo ya bikoni. Kama mtambo utachimba pale, utachota na wewe, nani atakuzuia? Ukichimba ofisini, sote tunabaki kijitoni na ng'ombe." Nikasogea karibu. "Nilikuwa naomba kesho asubuhi uje na ndoo yako, ukae pale kwenye kichuguu. Ukae tu."

Mikono yake ikasimama kwenye gunzi. Akaelewa. Akafunika mdomo kwa kitenge, mabega yakaanza kutetemeka. "Mkwe wangu hataweza kusogea!"

"Ndiyo, mama."

"Ee, mtoto wewe! Na kigingi chako kachukue."

Asubuhi sikusubiri ofisini. Nilisubiri barabarani, mtambo ulipotokea nikaupungia mkono, nikapanda kando ya dereva, mtu mkimya mwenye kofia ya sufu, nikamwonyesha njia ya kushukia kivuko cha mikokoteni kwenye kijito. Nyuma yetu nikasikia ile sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na kwenye kioo cha pembeni nikamwona Mzee Sichalwe anakuja mbio na kijiji kinamfuata, Mama Eliza mbele kama kawaida.

Pale kwenye kichuguu mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoigeuza, ametulia, uso mbele, kama mtu aliyekodi sehemu ile. Nikashuka, nikakipiga kigingi palepale kilipobaki kile kipande chekundu. Mwenyekiti akapanda mteremko, akamwona, akapiga breki mpaka ndala ikatangulia, akageuka akajificha nyuma ya mti mwembamba usioficha hata nusu yake.

"Nanyangwe!" akaita, akitazama upande wa kijiji chake. "Mwambie huyo dereva arudi ofisini!"

"Njoo umwambie mwenyewe, mwenyekiti!" Mama Eliza akapaza sauti, na wenye ndoo wakaangua kicheko.

"Siwezi kusogea, si mnaona! Nanyangwe! Nasema ofisini!"

Dereva akatoa kichwa dirishani. "Yule mzee anasemaje?"

Jana yake nilibeba maneno ya kila mtu, nikampa kila mtu. Kifaa kilikuwa mkononi, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama, mshale ulikuwa unazubaa, unazunguka upande wowote unaotaka. Nikakizima.

"Anasema ofisini," nikamjibu dereva. "Lakini niliyetumwa kuonyesha mahali ni mimi, na mahali ni hapa."

"Una hakika, dada?"

Maisha yangu yote swali hilo nimelijibu kwa neno "nadhani".

"Ninayo," nikasema. "Shusha."

Akashusha.